Mbuzi jike anaitwa tasa, kumbe kosa iko kwa dume: kazi ya proteini za maji ya mbegu

Watu wa inje wanatujua, siye wa Kakontwe, kwanza juu ya mawe ya chokaa. Lakini ukipita asubui mu avenyu zetu, kitu cha kwanza utakutana nacho ni mbuzi. Wanalala mu parsele, wanatoka wenyewe, wanakula majani ya pembeni ya barabara na maganda ya ndizi, mangaribi wanarudia. Kwa familia nyingi mbuzi njo banki. Mwezi wa kenda masomo inafungua, mbuzi mumoja anauzwa. Mutu anapelekwa ku lupitalo, mbuzi mwingine anatoka.

Juu ya ile, mbuzi jike mwenye hazae ni hasara ya kweli. Tunajua namna mambo inaendeka: mwenye mbuzi anangoja miezi sita, anangoja mwaka, kisha anasema: huyu ni tasa. Anamupeleka ku soko ao anamuchinja ku sikukuu. Dume, hakuna mutu anamuuliza kitu. Dume iko na pembe, iko na ndevu, ananuka, anapanda majike kila saa. Nani atawaza kama kosa iko kwake?

Hii habari inafasiria namna dume anaweza kuonekana muzima kabisa, na kumbe mbegu yake haifike mbali. Jibu moja kubwa iko mu maji yenye inabeba mbegu, zaidi sana mu proteini zenye kuwa ndani ya yale maji. Ku mwisho tutatoa hesabu moja rahisi ya siku 21, yenye mufugaji anaweza kufanya bila kutosha feza, mbele ya kumuita jike wake tasa.

Mbegu na maji ni vitu viwili

Watu wengi wanafikiri kile chenye dume anatoa ni kitu kimoja. Hapana, ni viwili. Kuko mbegu zenyewe, vitu vidogo sana vyenye kichwa na mukia, vyenye jicho haiwezi kuona bila mikroskopu. Na kuko maji yenye inazibeba.

Mbegu zinatengenezwa mu makende. Zikitoka pale, zinapita mu mufereji mumoja mwembamba na murefu wenye kujikunja pembeni ya kende, wenye waganga wanaita epididimi. Mule njo zinakomaa na kupata uwezo wa kutembea. Yote ile inaomba wakati. Kwa ngombe dume, toka mbegu inaanza kutengenezwa mpaka inakuwa tayari kutoka, inapita siku karibu 70. Kwa mbuzi na kondoo, karibu miezi miwili. Kwa nguruwe, karibu siku 50. Musomaji, ushike ile hesabu ya miezi miwili, tutairudilia.

Maji, sehemu yake kubwa haitoke mu makende. Inatoka mu tezi zingine zenye kuwa ndani ya mwili, pembeni ya njia ya mukojo. Tezi zile zinafungua maji yao wakati uleule dume anamaliza kazi. Maana yake, mbegu na sehemu kubwa ya maji vinakutana tu ku dakika ya kutoka.

Kila munyama iko na kipimo chake. Mbuzi dume anatoa kidogo sana, karibu mililita 1, haijaze hata kijiko cha chai, lakini ndani yake munaweza kuwa mbegu miliari 2 ao 3. Ngombe dume anatoa mililita 4 mpaka 8. Nguruwe dume anatoa mililita 200 ao 300, kopo nzima ya chai, na zaidi ya 90 kwa mia ya ile ni maji tu. Kwa hiyo wingi wa maji hauonyeshe wingi wa mbegu.

Proteini zinafanya nini mule

Neno proteini tunalisikia juu ya maharagi, samaki na mayai. Lakini ndani ya mwili, proteini ni kama watumishi: mumoja anabeba, mwingine anakata, mwingine anafunga mulango. Mu maji ya mbegu muko proteini za aina mamia.

Zingine zinalinda mbegu juu isiharibike kwa hewa ya oksijeni, sawa vile mafuta ya kupika inaharibika ukiiacha wazi. Zingine zinatuliza mwili wa jike, juu kwa mwili wake mbegu ni mugeni, na walinzi wa mwili wanapenda kuishambulia. Zingine zinajipakaa juu ya ngozi ya mbegu na kubadilisha namna yenye itatumika.

Mufano wenye kujulikana zaidi ni wa ngombe. Proteini zenye wingi mu maji ya ngombe dume zinaitwa BSP. Muchunguzi Puranam Manjunath na wenzake, ku Montréal mu Kanada, wamezifata toka miaka ya 1980. Mara tu mbegu inakutana na maji, BSP zinakamata ku ngozi yake. Pale zinafanya kazi mbili. Ya kwanza, zinasaidia mbegu kushikamana na ukuta wa mushipa wenye yai la jike linapitia, ingoje mule kama musafiri mwenye anangoja basi. Ya pili, zinatosha polepole mafuta fulani, kolesteroli, ku ngozi ya mbegu. Bila ile kazi, mbegu haiwezi kuingia mu yai.

Shida njo inaanzia pale. Ku kazi ya kawaida ya dume na jike, mbegu haikae mingi mu maji yake. Inaogelea, inaacha maji nyuma. Lakini kama mutu amechukua mbegu na maji yake, akavifunga pamoja mu chupa kwa saa nyingi, BSP zinaendelea tu kukamua mafuta. Ngozi ya mbegu inakuwa zaifu, na baridi ikifika inapasuka. Ni kama chumvi mu sombe: kidogo inaleta utamu, lakini ukimwanga pakiti nzima, hakuna mwenye atakula.

Wafugaji wa dunia walipata dawa ya ile shida mbele ya kufahamu sababu yake. Karibu mwaka wa 1940, ku Wisconsin mu Marekani, Paul Phillips na Henry Lardy walionyesha kama kuchanganya mbegu ya ngombe na kiini cha yai la kuku kunaifanya iishi siku kazaa. Watu wakatumikisha mayai zaidi ya miaka 60. Kisha tu, mu miaka ya 2000, kundi la Manjunath likafasiria namna mafuta ya kiini cha yai inakamata zile BSP na kuzizuiza kukamua mbegu. Yai linakuwa kama mutu mwenye anaingia kati ya wagomvi wawili.

Mbuzi: maji yenye inaweza kuua mbegu zake

Kwa siye wa Kakontwe, kisa cha mbuzi njo kinatugusa zaidi, na ni cha kushangaza.

Mutu anaweza kuwaza: kama yai linasaidia mbegu ya ngombe, litasaidia mbegu ya mbuzi vilevile. Hapana. Mwaka wa 1957, muchunguzi A. Roy alitangaza mu gazeti la Nature kama mu maji ya mbegu ya mbuzi dume muko kitu chenye kinagandisha kiini cha yai. Ni proteini yenye kukata mafuta. Ikikuta mafuta ya yai, inaikatakata, na vipande vyenye kubakia ni sumu kwa mbegu. Kwa maziwa ni vilevile. Mwaka wa 1997, mu Ufaransa, Maria-Teresa Pellicer-Rubio na wenzake walionyesha proteini yenye kufanya hivyo mu maziwa: inaitwa BUSgp60, inatoka mu tezi ndogo zenye kuwa karibu na musingi wa uume, na inakata mafuta ya maziwa mpaka mbegu zinasimama na kufa.

Tufahamu muzuri: ile proteini si ugonjwa. Kila mbuzi dume muzima iko nayo, na anapanda na kuzalisha bila shida, juu ndani ya jike hakuna yai la kuku wala maziwa. Inakuwa sumu tu pale mutu anaingilia, anakusanya mbegu na kuichanganya vibaya. Ndiyo maana mu vituo vya kazi ile, mbegu ya mbuzi inasafishwa kwanza: wanaizungusha mu mashine, mbegu zinashuka chini, wanamwanga maji, kisha njo wanaweka yai ao maziwa. Wengine wanapunguza sana kiini cha yai, ao wanatumikisha mafuta ya soya ku nafasi yake.

Kwa kondoo ni kinyume. Ku Zaragoza, mu Hispania, wachunguzi walikuta kama mbegu ya kondoo yenye imepigwa na baridi, ukiirudishia proteini fulani za maji yake, ngozi yake inaweza kujirekebisha. Na kwa nguruwe, wachunguzi wa Uppsala mu Uswidi walikuta kama mililita 10 za kwanza za sehemu yenye mbegu nyingi zinavumilia baridi kupita zile zenye kufata, juu proteini zenye kuzizunguka haziko sawasawa. Dume mumoja, siku moja, lakini maji ya kwanza na ya mwisho haina nguvu moja.

Ngamia naye anatufundisha jambo lingine. Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya wanajua kama ngamia jike hatoe yai kila mwezi sawa ngombe; anangoja dume. Wachunguzi wa China walionyesha mu mwaka wa 1985 kama maji ya mbegu yenyewe njo inaamuru yai litoke. Mu mwaka wa 2012, kundi la wachunguzi wa Kanada na Chile, wenye walitumika na lama, ndugu wa ngamia wa Amerika, lilitambua kama ule mujumbe ni proteini. Maana yake maji ya dume haibebe mbegu tu, inazungumuza pia na mwili wa jike.

Ngombe wawili, mikroskopu moja, matokeo mbalimbali

Mutu atauliza: basi tupeleke tu dume apimwe ku mikroskopu, tutajua yote. Mikroskopu inasaidia sana, lakini haione yote.

Mwaka wa 1993, ku Pennsylvania mu Marekani, Gary Killian na wenzake walichukua ngombe dume wa Holstein wenye historia yao ya uzazi inajulikana, wakalinganisha proteini za maji yao. Walikuta proteini ine zenye kufatana na uzazi. Mbili zilikuwa nyingi kwa dume wenye kuzalisha sana, na mbili zingine zilikuwa nyingi kwa wenye kuzalisha kidogo. Kisha moja ya zile nzuri ikatambuliwa: ni osteopontini, proteini yenye kupatikana pia mu mifupa.

Fundisho ni hili. Dume wawili wanaweza kuwa na mbegu zenye kutembea sawasawa ku mikroskopu, lakini mumoja anazalisha majike wengi na mwingine anazalisha wachache, juu tofauti iko mu maji. Kwa mufugaji wa Kakontwe, hakuna kipimo cha proteini mu butiki ya dawa. Kipimo chetu cha nguvu ni watoto wenye dume anazaa. Na kile hakiombe mashine, kinaomba daftari.

Nini inaharibu mbegu na maji yake

Makende inaninginia inje ya mwili juu inatafuta ubaridi: inapashwa kuwa na joto ya chini, degre karibu 4 ao 5 chini ya joto ya mwili. Huku kwetu Katanga, mwezi wa kenda na wa kumi, mbele ya mvua kuanza, jua inapiga kabisa. Dume mwenye anafungwa chini ya malata ya chini bila hewa, makende yake inapata joto. Homa inafanya vilevile, hata kama inje ni baridi. Nguruwe njo anateseka zaidi, juu hajui kutoa jasho.

Hapa njo tunarudilia ile hesabu ya miezi miwili. Mbuzi dume mwenye aligonjwa homa kali mwezi wa kenda anaweza kupona ku wiki moja, kula muzuri, kupanda sawa zamani. Lakini mbegu zenye anatoa mwezi wa kumi zilianza kutengenezwa wakati wa homa. Unaona dume muzima. Ndani, duka lake lingali na bidhaa ya zamani yenye imeharibika. Lazima kumupa miezi miwili mbele ya kumuhukumu ao kumutegemea.

Tezi zenye kutoa maji zinaamuriwa na homoni ya kiume, testosteroni, yenye inatoka mu makende. Kende zikilegea, tezi nazo zinalegea. Wengine wanawaza: basi tupige dume sindano ya testosteroni. Ni kosa kubwa. Mwili ukiona homoni mingi inatoka inje, ubongo unaacha kuamuru makende itumike, na mbegu zinapungua. Dume atakuwa na hamu, lakini atakuwa mutupu. Vilevile kwa unga na mizizi ya kuongeza nguvu: kupanda ni jambo moja, kuzalisha ni jambo lingine.

Chakula kinahesabika. Mwili hauwezi kutengeneza proteini za maji ya mbegu kama haupate proteini ku kinywa. Mbuzi mwenye anakula makaratasi na maganda peke yake mu wakati wa jua hatakuwa na mbegu nzuri. Majani ya maharagi, ya karanga na ya viazi, pamoja na jiwe la chumvi lenye madini ya zinki na seleniumu, inasaidia.

Kuko na magonjwa. Ugonjwa wa brusela unavimbisha makende, unaingia mu maji ya mbegu na kutosha mimba za majike. Unapita pia kwa watu, kwa maziwa yenye haijachemushwa na kwa kushika mutoto wa munyama mwenye ametoka mbele ya wakati. Usiguse ile kwa mikono mitupu. Malale ya ngombe, yenye mbungo wanaleta, nayo inaharibu makende.

Kuko na damu moja. Dume mumoja akibaki mu mutaa miaka ine, mitano, anaanza kupanda mabinti wake na wajukuu wake. Uzazi unashuka, watoto wanakuwa wadogo, wengine wanazaliwa wafu. Kila miaka miwili mubadilishane dume na mutaa mwingine.

Na kuko na maji ya kunywa. Siye tunaishi mu muji wa madini. Mwaka wa 2009, wachunguzi wa Universite ya Lubumbashi na ya Leuven, mu Ubelgiji, walitangaza kama mukojo wa watu wenye kuishi karibu na mashimo na viwanda vya Katanga ulikuwa na kobalti mingi sana. Ule uchunguzi ulikuwa juu ya watu, haukupima mbegu za mbuzi. Lakini waganga wanajua toka zamani kama madini ya risasi na ya kadmiumu inaharibu makende ya wanyama. Kama unaweza, usiache dume anywe mu mifereji ya maji machafu ya viwanda.

Hesabu ya siku 21

Sasa tufike ku ile yenye mufugaji anaweza kufanya mwenyewe.

Mbuzi jike anaingia mu joto karibu kila siku 21. Ngombe jike na nguruwe jike ni vilevile. Kondoo ni siku karibu 17. Kama jike amepandwa na amebeba mimba, joto hairudie. Kama hakubeba, itarudia.

Kwanza, uandike siku yenye jike amepandwa na dume mwenye alimupanda. Kama hauna daftari, chora ku ukuta na kala.

Pili, toka siku ya 18 mpaka ya 24, umuangalie muzuri. Jike mwenye anarudia joto anatikisatikisa mukia, analia, anatafuta dume, sehemu yake ya nyuma inavimba kidogo na kutoa ute.

Tatu, uhesabie majike wengi, si mumoja. Tuchukue mufano: dume mumoja amepanda majike watano. Kama mumoja anarudia na wane wametulia, shida inaweza kuwa kwa yule jike. Kama wane wanarudia na mumoja ametulia, usiuze jike hata mumoja. Shida iko kwa dume.

Ine, kama uko na jike mumoja tu, enda uulize majirani wenye majike yao yalipandwa na dume yuleyule. Dume wa mutaa ni wa wote, na hasara yake ni ya wote. Mukizungumuza, mu wiki tatu mutajua jambo lenye mutu peke yake atajua nyuma ya mwaka.

Tano, jike mwenye kushukiwa, umupeleke kwa dume mwingine mwenye watoto wake wanaonekana, wa mwaka huu. Akirudia tena mara mbili ao tatu, pale sasa unaweza kusema shida ni yake. Ukumbuke pia kama jike mwenye njaa sana ao minyoo anaweza kukosa joto kabisa. Yule naye si tasa, ni mugonjwa. Akibeba, mbuzi atazaa nyuma ya siku karibu 150.

Dume naye apimwe kwa mukono. Mushike makende polepole. Ziwe mbili, zilingane, ziwe ngumu kidogo sawa mukono wenye umekunja ngumi, zitembee mu mufuko wake, zisikuwe na uvimbe wala maumivu. Kende ndogo, laini sana, ao moja tu: ule dume usimuweke kwa kuzalisha. Na asichoke: mbuzi dume mumoja mukubwa anatosha majike 20 mpaka 30, nguruwe dume 15 mpaka 20.

Mwenye anataka kuenda mbali zaidi azungumuze na veterineri. Kwa ngombe dume, kipimo chenye waganga wa Marekani walipanga mu mwaka wa 1993 kinaomba mbegu zisipungue 30 kwa mia zenye kuenda mbele, na 70 kwa mia zenye umbo nzuri. Lubumbashi iko kilometa karibu 120 na Likasi, na Universite yake iko na fakilte ya waganga wa wanyama.

Mutu akikuletea mbegu ya kuuza

Mu inchi jirani, kazi ya kuzalisha kwa mbegu yenye imewekwa ni ya zamani. Kituo cha Kabete, karibu na Nairobi, kilifunguliwa mwaka wa 1946. Tanzania iko na kituo chake ku Usa River, karibu na Arusha. Uganda iko na kazi ile ku Entebbe. Ile mbegu inawekwa mu vijiti vidogo vya plastiki, ndani ya azoti ya maji yenye baridi ya degre 196 chini ya sifuri.

Siku moja mutu atafika Kakontwe na vijiti vile. Umuulize maulizo ine. Vijiti vilikaa wapi? Kama anajibu ku konjelatere ya nyumba, umushukuru na umuache aende: baridi ya degre 18 haitoshe, mbegu zimekwisha kufa. Jina na namba ya dume viko wapi? Viandikwe ku kijiti. Kama ni mbuzi, mbegu ilisafishwa maji yake, ao walitumikisha kitu gani ku nafasi ya kiini cha yai? Mwenye kujua kazi atakujibu bila kusita. Na kama ni mbegu mupya ya nguruwe, yenye haijagandishwa, ilikaa ku degre ngapi? Inapashwa kukaa karibu degre 17. Ukiiweka mu frigo pamoja na nyama na tomati, imekufa.

Kwa wengi wetu, vijiti vingali mbali, na dume wa mutaa njo mwenye kazi. Basi tuanze kwake. Jike mwenye unataka kuuza juu anaitwa tasa, mumupe kwanza siku 21 na dume mwingine. Kama akibeba, umebakisha mbuzi wawili mu parsele, na umejua dume gani wa kutosha mbele hajakosesha mutaa muzima watoto wa mwaka.